Msalaba Nyuma ya Chatu

Hellen, fundi cherehani wa Buzuruga, alishona nembo za askari miaka mingi bila woga. Hofu ilimwingia siku mwanawe Nathaniel alipoleta nembo ya kikosi chake kipya: chatu aliyejizungusha kwenye mkuki.

"Chatu ni subira, mama, na mkuki ni ulinzi," alimweleza.

"Nyoka ni nyoka tangu Edeni."

"Basi mshone mdomo asiniume!" Nathaniel alicheka.

Hellen hakucheka. Kabla ya kushona nembo begani mwa shati la mwanawe, alitarizi msalaba mdogo wa uzi mweupe pale ambapo nembo ingeufunika. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa nne boti ya kikosi ilizama ziwani, na askari wanne, Nathaniel akiwemo, hawakuonekana. Siku ya tatu ofisa alifika na shati lililolowa, jina limeng'oka kifuani.

"Shikamoo, mama. Kati ya wale wanne tumempata mmoja, lakini hatambuliki. Alivaa hili."

"Marahaba, baba," Hellen alinong'ona, akachukua mkasi.

Alifumua nembo uzi kwa uzi. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba Mungu amjalie asiukute msalaba. Akaingiza kidole chini ya chatu, kikaugusa.