Mizimu ya Mama Lea

Mke wangu anakusanya mizimu. Nasema mapema, ili mtu akija kwetu Ipogolo, Iringa, na kukuta rafu nzima ukutani asianze kunong'ona na majirani. Si mizimu ya kutambikiwa. Ni ya vitabuni: mikusanyo ya zamani ya hadithi za kutisha, ile ya enzi ambazo kitabu kilishonwa kwa uzi. Karatasi zake zimekuwa za njano na zinanuka kama sanduku la bibi. Vingi ni vya Kiswahili, vichache vya Kiingereza, na kimoja ni cha Kijerumani. Hicho hakuna anayekisoma hapa nyumbani, lakini jaribu kukitoa uone.

Jina lake ni Eveline, fundi cherehani, ila tangu tumpate binti yetu namwita Mama Lea. Alizaliwa Igowole, na baba yake alikuwa mpishi katika klabu ya shamba moja la chai. Wenye klabu walipoondoka, vitabu vyao viligeuka vya kuwashia jiko. Siku moja mzee akaja na kimoja nyumbani kwa kazi hiyohiyo. Eveline, aliyekuwa bado mtoto wa shule, akakificha nyuma ya gunia la mahindi, akaazima kamusi ya Kiingereza kwa mwalimu, akaanza kukichimbua neno kwa neno. Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule.

"Kwenye kile kitabu waliokufa walikuwa wanarudi," aliniambia tulipokuwa wachumba. "Kila hadithi, kuna mtu anarudi. Wewe unaona vya kutisha. Mimi niliona habari njema."

Mimi Aroni Kalinga ni mwoga, na sioni aibu kulisema hilo kwa kuwa kila mtu wa Ipogolo analijua. Nimeendesha lori la mbao maisha yangu yote. Mlima Kitonga, wenye kona kali, nilikuwa nateremka na mzigo huku napiga mluzi. Lakini nitajie maiti aliyefumbua jicho, nitakuomba tubadili mazungumzo.

Pamoja na woga huo, nusu ya vitabu vile nimevileta mimi. Utafanyaje, ukimpenda mtu? Kila nilipofika Mbeya nilipitia soko la Mwanjelwa kwa mzee Ambokile, muuza vitabu vya zamani, ambaye alikuwa ananiwekea pembeni chochote chenye kaburi. Nilivifunga kwenye gazeti na kuviweka nyuma ya kiti, nisionane navyo njiani. Mara moja tu nilijichagulia mwenyewe, Makambako, kwenye rundo la vitabu vilivyotandazwa chini. Niliona fuvu na mifupa miwili kwenye jalada, nikalipa haraka, nikaondoka. Kumbe ni kijitabu cha dawa za kupulizia viazi. Mama Lea hakucheka. Alikaa vizuri, akashusha sauti, akasoma taratibu: "Usile. Usinywe. Usisimame upepo unakoelekea." Nikajikuta nimemsogelea kwenye kochi. Hapo ndipo alipocheka hadi akashika mbavu.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa majalada. Nilimwambia siwezi kula ugali huku natazamwa na mafuvu. Hakubishana. Alichukua mabaki ya vitambaa vya wateja, akakishonea kila kitabu koti lake: kimoja kaki ya kaptula za shule, kingine kodrai ya mistari iliyoinuka, kingine satini ya gauni la harusi, kingine kitenge kigumu cha nta. Hata kile cha dawa za viazi kilipata koti. Rafu ikapendeza kama duka la nguo, nami nikala kwa amani.

Halafu macho yakaanza. Yeye hakusema. Alianza kuwapa wateja visingizio, mara uzi umekwisha, mara cherehani inakatakata. Mimi nilikuwa nimestaafu lori, nashinda nyumbani, na bado sikuona kitu, mpaka mchana mmoja tulipokaa barazani, yeye na kitabu chake cha kaki mapajani.

"Mama Lea, mbona hugeuzi ukurasa?"

"Naitafakari hadithi."

"Ukurasa mmoja tangu tumalize kula?"

Akakifunga. "Sioni, Baba Lea. Ni ukungu mtupu. Herufi zimezama."

Kituo cha afya walituambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba jicho la kushoto lina tatizo jingine nyuma yake, tusubiri bingwa. Nilidhani atalilia cherehani. Hapana.

"Nguo atashona mwingine," alisema. "Nani atanisomea?"

Nikatazama juu, nikatazama barabarani. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Lea, binti yetu, ameolewa Mbeya.

Basi nikasoma. Niliweka masharti: mchana tu, barazani, malori yakipita ili nijue dunia ipo. Nilidhani pia nitamchagulia zile laini. Akaenda mwenyewe kwenye rafu, akapitisha vidole, akagusa kodrai, akaiacha, akagusa satini, akaitoa. "Hiki. Hadithi ya tatu, ya bwana harusi aliyezama mtoni." Kila kitabu alikuwa anakijua kwa koti lake! Nilisimama pale nikimshukuru Mungu kwa woga wangu, maana bila huo woga vitabu vyote vingekuwa na mgongo mmoja wa karatasi, na mke wangu angekuwa anapapasa gizani.

Shukrani hiyo haikunifanya shujaa. Nilipofika pabaya niliruka.

"Umeruka," alisema.

"Nimeruka nini?"

"Nyayo za maji zinatoka mlangoni mpaka kitandani. Rudi."

"Kama umezihifadhi zote, mimi nasoma ya nini?"

"Nyimbo za kanisani si unazijua? Mbona unaimba kila Jumapili?"

Nikarudi, nikasoma nyayo za maji, sauti ikitetemeka kama ya mtoto anayekariri mbele ya darasa. Jirani yetu Silvester alikuwa anapita na baiskeli, akatusalimu kwa Kihehe. "Kamwene, Mzee Kalinga! Mnasoma Neno?" Nikamjibu, "Tunasoma." Neno halikuwa moja, yalikuwa mengi.

Tukaendelea hivyo mvua za kupandia mpaka mavuno. Na nitasema ukweli, niliingia mtegoni. Nilianza kuharakisha kula ili tufike barazani. Nilianza kuwaonea huruma wale mizimu. Mama Lea alikuwa akinieleza wanataka nini: huyu hakuzikwa kwao, yule aliacha jambo hajalisema. "Mzimu hana ubaya," alikuwa anasema. "Ana shida, ila watu wanakimbia kabla hajaieleza." Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote na nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea hivyo, kwa sababu kila alipofungua kitabu mimi nilikuwa naondoka barazani.

Ndipo Lea akapiga simu: bingwa wa macho amefika hospitali moja Mbeya, njooni upesi. Tulikwenda. Daktari alikuwa kijana mpole asiyezungusha maneno. La kushoto hakulipa matumaini. La kulia alisema atajaribu, akifika ndani ndipo atajua.

Tulikaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Mama Lea alikuwa ametulia kuliko mimi. Akanishika mkono.

"Lisipofunguka, utaendelea kunisomea?"

"Mpaka koo likauke."

"Na bila kuruka?"

"Bila kuruka."

Wakamwingiza ndani. Nilivyoogopa pale sijawahi kuogopa, wala sikuwa na haja ya kitabu. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kihehe, nikamwambia Mungu kwamba huyu mama alishanyimwa mama yake mapema, amwachie hata herufi.

Asubuhi muuguzi akafungua bandeji. Jicho lilikuwa jekundu, linalia. Mama Lea akapepesa, akapepesa tena, akageuka upande wa ukuta. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma sheria:

"Ni... marufuku... kutema mate... sakafuni."

Lilikuwa tangazo la wodi. Nililia. Mzee mzima nililia kwa ajili ya tangazo la mate, wagonjwa wengine wakinitazama, Lea akinivuta shati. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule na muuguzi yule, na aliyelibandika lile tangazo pale ukutani, popote alipo, Mungu ambariki na watoto wake.

Kabla ya kurudi Iringa alitaka kupita Mwanjelwa. Mzee Ambokile alipotuona alisimama, akachomoa kitabu chakavu chini ya meza.

"Mama, hiki nimekutunzia. Wamekuja wengi wakikitaka, nikakataa. Nikasema mwenyewe atakuja tu."

Mama Lea akakisogeza karibu na jicho lake moja, akasoma jina kwenye jalada, kisha akamshika yule mzee mikono yote miwili.

Nyumbani, mchana wa kwanza ambao daktari alimruhusu kusoma, alikaa barazani na kitabu chake kile kipya. Mimi nikakaa kwenye kiti changu, mikono mitupu. Nilifurahi, kweli, ila nitadanganya nikisema nilikuwa na furaha tupu. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimeizoea kazi ile. Alifungua ukurasa wa kwanza, jicho likaenda mstari hadi mstari bila shida. Nikainuka nikaweke chai.

"Unakwenda wapi?" Akanyoosha mkono, akanipa kitabu. "Kaa. Soma."

"Jicho limechoka?"

"Jicho zima kabisa." Akageuza kiti chake, akakielekeza kwangu badala ya barabarani. "Muda wote ule nilikuwa nasikia sauti yako tu ikitetemeka. Leo nataka nikuone uso."