Randa ya Mkono wa Kushoto

Mwaka 1994 ulikuwa unaishia nilipohamia Kigali, na kila mtu aliniambia karibu nyumbani. Nyumbani kwangu kulikuwa Tabora. Nilizaliwa kule, na wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa vijana, miaka mingi kabla ya uhuru, na nchi hii niliijua kwa masimulizi ya mama tu. Sasa vilima vyote nilikuwa navyo mbele ya macho, ukungu wake na mvua yake, na sikuwa na nguvu ya kuvifurahia. Nilipata kazi katika ofisi ya maji. Mtu anaingia kuuliza habari za bomba, anaanza na bomba kweli, kisha anasimulia mengine, nani aliuawa na wapi, na mimi nimekaa na kalamu mkononi sijui niandike nini. Nikifika Kagugu, tulikokodi vyumba viwili, nilikuwa hoi. Mke wangu akiniuliza habari za kazi nilimjibu nzuri, tule.

Kilichonipa nafuu ni kutu. Tangu ujana nina ugonjwa wa kuokota vyombo vya ufundi vilivyochakaa, kuvisafisha na kutafuta vilitoka wapi. Niliupatia katika karakana ya reli ya Tabora nilikofanya kazi kabla ya kupelekwa ofisini. Wengine wanacheza bao, wengine wanakunywa. Mimi nachukua patasi iliyokufa, nailoweka kwenye mafuta ya taa, naisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, taratibu, mpaka chapa ya kiwanda inaanza kujitokeza herufi moja moja. Mara nyingi herufi zimelika, inabidi kutumia akili. Nati ya Mwingereza imepimwa kwa inchi, ya Mbelgiji kwa milimita, na spana ya huyu haikai kwenye nati ya yule. Ukilazimisha unazila pembe zake. Ukishaonja mara mbili tatu unajua chombo kilikuja kwa njia gani, kama ni kwa wamisionari au kwa lori kutoka Uganda. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipa raha. Lilinipa, basi tu.

Kigali ya wakati ule ilikuwa na vyombo vya kumwaga. Huko Nyabugogo, na juu yake Gatsata, watu walitandaza magunia kando ya barabara na kupanga juu yake kila kitu kinachotoka nyumbani kwa mtu. Vyombo vya ufundi walivipaka oili chafu ya gari ili ving'ae. Jumamosi nilikuwa nachuchumaa mbele ya magunia hayo na kubishana. Muuzaji ananiambia, "Patron, hii iko ya Uraya, iko na nguvu." Namwambia hii si ya Ulaya, hii ni ya Mchina, tazama hapa. Anasema ya Ulaya. Nasema ya Mchina. Mimi kitu kikiitwa jina lisilo lake siwezi kunyamaza, hata kama sikinunui, hata kama mvua inaninyeshea. Mke wangu anasema ndiyo maana sina marafiki.

Yeye hakuzipenda safari hizo. Mwanzoni alilalamikia nafasi, kwamba nyumba ina vyuma vingi kuliko vijiko. Siku moja, nikiwa napiga msasa mpini wa nyundo, akasimama mlangoni na kuniuliza taratibu, "Wewe unatafuta kiwanda tu. Umeshamtafuta mwenyewe?" Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu kwenye mpini ule palikuwa na herufi mbili za jina la mtu, zilizochomwa kwa msumari wa moto, na msasa wangu ulikuwa umeshaifikia ya kwanza. Niliuweka ule msasa chini. Kuanzia siku hiyo nikawa nasafisha chuma peke yake na mipini naiacha ilivyo, na jasho la watu ndani yake. Lakini ile raha ilipungua sana. Nilikuwa nakwenda kwa mazoea, kama mtu anayekula bila njaa.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa mama mmoja aliyebaki peke yake. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini usingemdhania. Aliwahi kuuza ndizi Nyabugogo, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, kile cha mjini. Na kwa kuwa Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, tulisemezana kwa hicho. Asubuhi moja alinikuta uani na vyuma vyangu, akasimama akivitazama kimoja kimoja bila kugusa.

"Mzee, weye unajua vyuma," akasema.

"Navijua kidogo, dada."

"Bwana yangu alikuwa fundi wa mbao. Iko randa yake moja. Nataka uitafute huko unaendaga. Ukiiona uniambie." Kisha akaongeza, "Lakini mimi naomba Mungu usiione."

Sikumwelewa, na nikiwa mchovu kitu nisichokielewa kinaniudhi. Nikamvutia kigoda, akakaa, akanieleza. Mwezi wa nne, mambo yalipochacha, mumewe alitoka na mfuko wake wa vyombo begani. Alipiga hesabu kwamba mtu mwenye mfuko wa vyombo anaonekana anakwenda kazini, hivyo kwenye vizuizi vya barabarani huenda wakamwachia apite. Atangulie, apate njia ya kwenda Zaire au Tanzania, kisha atume mtu amchukue mkewe, ambaye alikuwa amefichwa na watu. Hakutuma mtu. Wala hakuna aliyemwona ameanguka popote.

"Randa ile hawezi kuuza," akasema. "Hata siku tulikosa chakula, hakuuza. Kama iko kwa soko, walimuua wakaitoa kwake. Kama haiko kwa soko, basi iko naye. Iko kambini fulani, anafanya kazi."

Nilitaka kumwambia kwamba hayo hayafuatani, kwamba kitu kinaweza kupotea kwa njia mia. Nilimtazama usoni nikaacha. Hesabu ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Nikamuuliza tu nitaitambuaje.

Akasema mumewe alitumia kushoto. Alipigwa sana utotoni kwa ajili hiyo, hakubadilika. Randa ilikuwa ya chuma, ile yenye mpini nyuma na kirungu mbele. Mpini wake wa kiwandani ulivunjika, mumewe akachonga mwingine kwa mti wa mkahawa, akiuchonga kwa kufuata mkono wake mwenyewe, uliotuna upande ambao kwa mtu wa kulia hautuni. Mafundi wenzake wakiiazima randa walimrudishia hapo hapo, wanasema mpini unawauma.

Moyoni nikajisemea, jamani, si chombo cha kukosea hicho. Nimeshika randa nyingi maishani. Hakuna kiwanda chochote, cha Mwingereza wala cha Mbelgiji, kinachotengeneza mpini wa mkono wa kushoto. Na mtu wa kushoto anaacha alama nyingine pia. Anaposukuma, kidole chake cha shahada kinalala kando ya bapa la chuma upande wa kushoto, na jasho linakula rangi pale pale, miaka nenda miaka rudi. Nilimwambia nikiiona nitaijua.

Basi tukawa tunakwenda pamoja. Alisema nikienda peke yangu nitamficha. Tuliteremka na kijia cha mlimani hadi barabarani, yeye mbele, mimi nyuma nikilalamika magoti. Tulianza na Muhima, tukazunguka nyuma ya maduka, kisha Nyabugogo, kisha tukapanda Gatsata. Hakukaribia magunia. Alisimama upande wa pili wa barabara, kanga yake ameikaza, akanitazama mimi ninavyopekua. Nikimaliza gunia moja natikisa kichwa. Hapo uso wake ulifunguka, na kwa dakika chache unamwona msichana aliyekuwa anauza ndizi. Njiani kurudi alinunua viazi vitamu, akanigawia, na akanitania kwamba mzee mzima napenda vyuma kuliko watu.

Nakiri kwamba nilianza kuipenda kazi ile. Wiki nzima nilikuwa nasikiliza habari mbaya ofisini, na Jumamosi nilikuwa mtu wa kuleta habari njema kwa kutikisa kichwa tu. Mke wangu aliliona hilo. "Mnatafuta nini hasa?" akaniuliza. Nikamwambia tunatafuta kutopata. Hakucheka. Alisema ipo siku mtapata, na wewe ndiye utakayekuwa umeishika mkononi. Nikamjibu aniache nipumzike.

Tuliipata Gatsata.

Mvua ilikuwa imenyesha, magunia yamelowa, na muuzaji alikuwa amevihamishia vitu vyake chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Nilisogeza jiliwa moja kubwa, ile ya kubania chuma mezani, iliyopasuka taya. Nyuma yake palikuwa na randa. Mkono wangu ulienda wenyewe. Nikauzungusha mpini kwenye kiganja cha kulia ukanikataa, uvimbe wake ukanichoma chini ya kidole gumba. Mti ulikuwa mweupe uliokolea, mgumu, wa mkahawa. Nikageuza nikatazama kando ya bapa, upande wa kushoto. Rangi imelika pale, pana sawa na kidole.

Nilitaka kuirudisha nyuma ya ile jiliwa na kutikisa kichwa kama kawaida. Lakini nilikuwa nimekaa nayo muda mrefu mno, na mtu aliyekuwa akinisoma kila Jumamosi hakuhitaji kuambiwa. Nilipoinua macho alikuwa ameshavuka barabara. Alisimama juu yangu, akanyoosha mkono, nikampa.

Aliishika kwanza kwa kulia. Kisha akaihamishia kushoto, na vidole vyake, ambavyo vilikuwa vidogo kwa mpini ule, vikaingia kila kimoja mahali pake.

Muuzaji akaona biashara imeshika. "Hiyo iko nzuri, mama. Ilikuja na mfuko mzima, misumeno, patasi, yote. Ile ingine nimeuza. Hii watu hawataki, inaumaga mkono."

Hakumuuliza mfuko ulitoka wapi. Hata mimi sikumuuliza, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha, maana nilijua atakachojibu, kwamba yeye naye alinunua kwa mtu. Mama yule aliinama akaiweka randa juu ya gunia, taratibu, bapa likiwa limelala ubavu, ndivyo fundi anavyoiweka ili makali yasiharibike. Nani alimfundisha hivyo kama si mumewe? Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Si yake," akasema.

Akanigeukia, na macho yake hayakuwa na machozi hata kidogo. Yalikuwa makavu na yananidai.

"Mzee, weye ndiye unajua vyuma. Sema."

Mimi niliyegombana na kila muuzaji kutoka Nyabugogo hadi pale kwa ajili ya nati. Nikamwambia si yake. Nikamwambia mipini ya namna ile Wabelgiji waliileta mingi sana, inatoka kiwandani hivyo hivyo, na mti wenyewe ni wa Ulaya. Nikasema na mengine, sauti yangu ikiwa imara kuliko ilivyowahi kuwa nikisema ukweli. Muuzaji alinitazama kama mwendawazimu, kwa kuwa kila siku nilimkatalia vyake kuwa vya Ulaya. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kila neno, kama anayeelekezwa njia.

"Nilijua," akasema. "Ile yake ilikuwa ndogo."

Nilitaka kuinunua. Kila kiungo mwilini mwangu kilitaka niichukue ile randa, nisiiguse kwa msasa wala kwa mafuta ya taa, niiweke tu mahali pakavu. Siku nyingine ningeweza kurudi peke yangu, lakini angejua. Kuinunua kungekuwa ni kutaja ilikuwa ya nani. Kwa hiyo niliiacha pale kibarazani, na atakayeinunua siku moja atauona mpini unamuuma, atautoa auchome moto, atie mwingine.

Tulipanda kilima, yeye mbele. Sikuwa na nguvu za kulalamikia magoti. Katikati ya njia alisimama kunisubiri, na nilipomfikia nikaona mkono wake wa kushoto bado umekunjika, vidole vimeshika hewa.

"Jumamosi tutaenda Muhima," akasema. "Muhima hatujaangalia vizuri."

Muhima tulikuwa tumeimaliza kabla ya kwingine kote, na yeye ndiye aliyesimama barabarani akihesabu maduka. Nikamwambia ni kweli, hatukuangalia vizuri, tutoke mapema kabla ya mvua.