Nilivyokuwa Sili Katika Chumba cha Kufulia

Mzee wa ghorofa ya chini nilianza kufahamiana naye kwa ugomvi. Kwenye jengo letu hapa Fisksätra, zamu za kufua zimeandikwa ukutani, na zamu yangu ni zamu yangu. Nimekaa nchi hii miaka kumi na saba, na kama kuna jambo la Waswidi nililoliamini kwa moyo wote, basi ni hilo. Siku hiyo nikashuka na kapu langu, nikakuta mashine ya kukaushia imejaa soksi zake. Mwenyewe ameiinamia, anazisemesha kwa lugha ambayo sikuelewa hata neno moja. Hasira ikaniisha. Nikajua maskini ni mgeni mwenzangu, nikamuuliza polepole, kwa Kiswidi cha kumfaa mtu aliyeshuka jana uwanja wa ndege, "Mzee, wewe umetokea nchi gani?"

Alinitazama kana kwamba nimemwibia hizo soksi. Akasema yeye ni Mswidi, baba yake Mswidi na babu yake Mswidi. Walitoka kijiji cha pwani ya kaskazini kabisa, ambako wanaume walikuwa wakienda kuwinda sili juu ya bahari iliyoganda. Waliikokota mashua juu ya barafu, wakilala humo humo majuma kwa majuma. Safari hiyo waliiita fälan. Ufa wa maji unaofunguka ghafla katika barafu waliuita råk. Walikuwa na maneno tele ya namna hiyo, ambayo watu wa Stockholm hawayajui. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda ujanani pamoja na mdogo wake. Uzeeni walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili na kuongea lahaja yao, mpaka mdogo wake alipofariki mwaka uliopita.

"Sasa naongea na nguo," akasema.

Nilimsaidia kukunja zile soksi. Ndipo aliponieleza linalomkosesha raha. Ofisi moja inayohifadhi maneno ya lahaja ilikuwa imemtuma mtu na kinasa sauti. Yule bibi wa ofisi alikuja na orodha: hiki mlikiitaje, kile mlikiitaje? Mzee akakauka. Alitoa maneno manne, akaomba kahawa. Bibi angerudi mara moja tu, ya mwisho, na safari hii mzee akishindwa, maneno ya baba yake yangezikwa naye.

"Hayatoki yakiwa peke yake," akaniambia. "Yanataka mtu wa kuyajibu."

Mtu huyo akaamua ni mimi, mwanamke wa Tanga, mpishi wa shule, ambaye hata friza ya kazini naifungua nimevaa glavu.

Tulifanya mazoezi kwenye zamu yangu, mashine zikizunguka. Mimi nilipewa nafasi ya marehemu mdogo wake. Kumbe marehemu alikuwa na mdomo mchafu, na mimi katika kujifunza sikuwa mvivu. Baada ya mwezi niliweza kumwita kaka yangu mjinga kwa njia sita, zote za pwani ya kaskazini. Kazini nikaanza kusahau. Lazanya ilipopasuka katikati nikasema ina råk, na mpishi mkuu, Mswidi mtupu, akaniuliza hilo ni neno la Kiafrika? Nyumbani nikimsemesha mwanangu yakanitoka maneno hayo hayo; akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba namtia aibu.

Kilichoniponza ni zoezi la kunyemelea. Sili akiwa juu ya barafu hulala kidogo, akainua kichwa kutazama, akalala tena. Mwindaji alijilaza juu ya ubao mrefu wenye kitambaa cheupe mbele yake, akasogea pale tu mnyama alipolaza kichwa. Ubao hatukuwa nao, kwa hiyo mzee alichukua fimbo ya fagio na shuka langu jeupe, lile la wageni. Mimi nikapanda juu ya meza ya kukunjia nguo na kuwa sili. Nililala, nikainua kichwa, nikalala. Mzee wa miaka themanini na kitu alikuwa anakuja kwa tumbo sakafuni, huku akinielekeza kwa lahaja niinue kichwa vizuri zaidi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa jirani yetu Mganda, mzee wa kanisa, na ndoo yake ya nguo.

"Madamu," akasema, "uko sawa?"

"Niko sawa," nikajibu kutoka mezani. "Mimi ni sili."

"Aa. Basi mimi nitakuja kurudi," akasema, akaufunga mlango taratibu sana.

Jumamosi nilipofika Hagsätra kwenye kikundi chetu cha akina mama, habari ilikuwa imeshanitangulia. Shoga yangu wa Burundi hakunisubiri hata nivue koti. "Dada, tumesikia umepata mzungu, tena anakuja kwa kutambaa! Wa kwetu hata kusimama akusalimie ni kazi." Nikajaribu kueleza habari za barafu, nikaona nazidi kujiharibia, nikala maandazi.

Siku ya kurekodi tulikusanyika jikoni kwa mzee. Alikuwapo bibi wa ofisi, na binti wa mzee, mtu mzima wa makamo, aliyeleta keki. Bibi aliponiuliza nimezaliwa wapi, nikasema Tanga. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

Kinasa sauti kikawashwa, na mzee akakauka tena. Niliogopa kweli, kwa sababu nilijua hakuna siku nyingine. Basi nikampigia kelele kwa sauti ya mdogo wake: "Lala chini, mjinga, anainua kichwa!"

Mzee aliangua kicheko, akanirudishia tusi langu na la ziada, kisha akafunguka. Aliongea saa nzima, mimi namjibu. Baadaye akasimulia jambo ambalo kwenye mazoezi hakuwahi kulisema, tena kwa sauti ya chini. Binti yake akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiswidi, "Anasema nini?"

Nilishtuka. Kumbe baba yake hakuwahi kumfundisha. Aliogopa lahaja itamharibia shule. Basi nikamtafsiria mtoto maneno ya baba yake mzazi. Nilimwambia kwamba siku moja barafu ilipasuka kati yao, baba yake huku, mdogo wake kule, maji katikati. Ukungu ukashuka, wasionane. Kutwa nzima mmoja aliita "upo?" na mwingine akajibu "nipo", mpaka upepo uliposogeza barafu na ufa ukajifunga.

Binti akaniuliza "upo" walilisemaje. Nikamwambia. Akamgeukia baba yake, akalisema kwa nguvu, vibaya kabisa.

Mzee akamsahihisha. Binti akalirudia, akasahihishwa tena, kwa ukali, mpaka mara tatu. Mara ya nne, mzee akamjibu.