Sindano Niliyoijaza Kabla ya Kumwona Mgonjwa

Nimekosa, na niliyemkosea hayupo tena wa kunisamehe. Jina langu siliandiki. Kufukuzwa kazi naogopa, ndiyo, lakini zaidi naogopa mjane wake asikie habari hii kwa watu kabla sijamwambia kwa mdomo wangu.

Mimi ni nesi kwenye kliniki ndogo karibu na Mpondwe, pale mpakani. Daktari tunamwona mara chache. Watu wazima wote, wa presha, wa sukari, wa kifua, ni sisi manesi tunaowapima, tunaamua ni ugonjwa gani na tunawapa dawa. Wanatuita musawo, yaani daktari, na ukiitwa hivyo kila siku unaanza kujiona.

Siku za soko wapagazi wanakuja kwetu katikati ya kazi. Wametoka kuvusha magunia ya maharage na chumvi, migongo inauma, na malori yanawangoja. Hawataki maswali. Wanataka sindano ya maumivu warudi mzigoni. Basi mimi, kwa ujinga wangu, asubuhi ya soko nilikuwa najaza mabomba kumi ya sindano na kuyapanga kwenye sinia kabla sijaona mgonjwa hata mmoja. Wakaniita Musawo Mbiombio. Jina lilinipendeza, nisidanganye.

Ijumaa moja akaingia mpagazi wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Karambi. Nitamwita Baluku. Ndiye aliyenibebea kitanda changu nilipohamia huku. Alikaa polepole akijifuta jasho, na mimi nilikuwa nimeshaandika kitabuni: maumivu ya mwili, mizigo.

"Musawo, ni hii mukono," akasema, ameshika wa kushoto. "Inauma mupaka hapa kwa taya. Nikipanda kilima inakuja, nikikaa inaacha."

"Mzee, punguza magunia," nikamjibu huku nalowesha pamba spiriti.

"Lakini mimi nabebaka na bega ya kuume."

Nikacheka. Nikamwambia mwili ukichoka unauma kote.

"Ya kuume, musawo," akarudia, bila hasira. "Hii ya kushoto haibebake kitu."

Nikamwambia ageuke. Akageuka.

Hebu ona, ndugu yangu. Mkono wa kushoto, taya, jasho, maumivu yanayokuja ukipanda na kutulia ukipumzika. Mwanafunzi wa unesi angekwambia huo ni moyo. Mashine ya presha ilikuwa mezani, inagusa kiwiko changu. Ningempima, ningempa aspirini, ningemkalisha na kumtafutia gari la kwenda hospitali Kasese. Badala yake nilimchoma dawa ambayo mtu wa moyo hafai kupewa. Akasema asante, akarudi kwenye magunia.

Saa nane mchana wenzake walimleta juu ya mkokoteni. Alikuwa ameanguka na gunia la chumvi, na roho ilikuwa imeshatoka. Waliponiuliza, nikasema mambo ya ghafla kama hayo hakuna mtu anayeweza kujua. Uongo mtupu. Mwenyewe alikuwa ameniambia.

Nilienda msibani Karambi. Nyuma ya nyumba mashati yake ya kazi yalikuwa bado yameanikwa kwenye kamba. Yote yalikuwa na viraka kwenye bega la kuume, kiraka juu ya kiraka. Bega la kushoto lilikuwa zima, hata rangi haijapauka. Nikakaa chini kwenye majani.

Mke wake, Biira, akaja kuniinua. "Aksanti, musawo," akasema. "Wenzake waliniambia ulimusaidia asubuhi ile." Nikaipokea shukrani ile. Akanipa chakula, nikala. Aibu ile sijaimeza mpaka leo.

Mkubwa wa kliniki nilimwambia mwezi uliopita. Alininyang'anya sinia, akanirudisha kwenye meza ya kupima wagonjwa nifanye kazi huku nikisimamiwa. Nilistahili. Wapagazi wanalalamika kwamba siku hizi nimekuwa mzito, nauliza mno. Walalamike tu, nitauliza.

Kinachoniua ni Biira. Sasa anakuja kupima presha, na hata mwenzangu akiwa hana mtu, yeye ananingoja mimi. Anasema mzee wake aliniamini. Ijumaa hii nitafunga mlango nimwambie yote. Akinitemea mate, nitajifuta.

Nesi mwenzangu, nakuomba, usijaze sindano wala kuandika neno kitabuni kabla mgonjwa hajamaliza kusema. Anayekwambia kitu kisicholingana na ulichokwisha kuamua, huyo ndiye wa kumpa kiti. Foleni itangoja.

Nilikuwa nimeandika ushauri kwa wagonjwa pia, kwamba tusipowasikia mara ya kwanza, mseme tena. Nimeufuta. Baluku alisema mara mbili.