Mafundo Mawili Kivukoni

Leo nimefungua mzigo wa ndizi, na harufu ya kamba ya mgomba iliyolowa imenirudisha kivukoni.

Siku zile za Hali ya Hatari, askari wa mkoloni walivamia vijiji, wakakamata watu na kuchoma nyumba. Mama alikuwa amepanga mapema. Tukipotezana, nimbebe mdogo wangu hadi kwa shangazi, ng'ambo ya mto. Kivukoni nifunge kamba mtini, mafundo mawili, ajue tumepita sote wawili.

Nilifanya mazoezi wiki nzima. Walipokuja kweli, kivukoni nilifunga kwa haraka na fundo la pili likapinda. Nikalifungua. Nikalifunga tena, likapinda tena. Niliposikia viatu vya askari niliichomoa kamba yote mtini, nikakimbia nayo mkononi.

Mama alitutafuta siku tatu, hata ndani ya matete ya mto. Alifika kwa shangazi na matope hadi magotini.

“Mbona hukufunga?”

“Fundo lilikuwa baya, Mama.”

“Fundo baya ningelisoma. Ule mti mtupu niliusoma pia. Unajua mti huo uliniambia nini?”

Nilijua: kwamba hatukupita. Akaketi, akaomba kamba, na jioni ile ile tukaanza kupanga upya.

Katika msako uliofuata nilifunga mafundo mawili yaliyopinda vibaya, nikakimbia bila kugeuka. Jua lilikuwa halijatua Mama alipoingia kwa shangazi, akaketi na kumpakata mdogo wangu.

“Yale mafundo,” alisema, “hata mbuzi angefunga vizuri kukushinda.”