Kikohozi cha Mkwe Wangu

Aibu nyingine huzeeka pamoja na mtu zikafa, lakini yangu ya pale gatini inazidi kunawiri tu, na mama Kabula, mke wangu huyu, akitaka ninyamaze mbele ya wageni huwa ananiuliza kwa upole kabisa, "Baba Kabula, hivi ile boti ilikuwa inakwenda wapi?" Basi nafunga mdomo. Leo naisimulia mwenyewe, mcheke tuyamalize.

Mwaka ule bendera yetu ilikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa nimeshapita arobaini. Miaka kumi na tisa nilichochea kuni kwenye boila la kiwanda cha kuchambua pamba, kazi ya kukaa mbele ya moto ukiota ndoto ukiwa macho (ndoto ndiyo maradhi yangu, nimezaliwa nayo), hadi tajiri wetu alipoleta injini ya dizeli isiyotaka kuni, akasema anayependa kubaki aende kwenye karakana yake ya boti kando ya ziwa akajifunze ufundi, akishinda jaribio atakabidhiwa injini ya kiwanda, akishindwa arudi kwao akalime. Mimi kwetu Misungwi nilikuwa na kishamba cha mawe matupu, na nyumbani watoto wanne wanataka kula. Nikaenda. Tulikuwa wanagenzi watano wa kila namna: vijana wawili waliotoka shule juzi, askari mmoja aliyepigana Burma, Athumani wa mjini aliyeshona nguo miaka kumi akachoka na sindano, na mimi mzee wao.

Haya. Siku ya kwanza nafika karakana, nani anatoka chini ya boti na spana mkononi? Daudi! Mume wa Kabula, binti yangu mkubwa. Nilijua kijana ni fundi wa injini, lakini nilidhani bado yuko kwenye meli, kumbe tajiri amemchukua mwezi uleule awe mwalimu wetu. Sasa kwetu mkwe ni mkwe. Hakutazami usoni, hakutaji jina, wala hathubutu kukwambia umekosea, afadhali ameze kaa la moto.

"Shikamoo, baba," akasema akitazama viatu vyangu.

"Marahaba."

"Baba, hapa kazini kuna hatari. Naomba ruhusa nikuelekeze kwa mdomo wangu mwenyewe."

Ningesema "ndiyo" yangekwisha palepale. Lakini wale vijana walikuwa wanatutazama, kichwa kikanivimba, nikajibu, "Hapana. Tumia mtu. Heshima ibaki mahali pake."

Mtu mwenyewe akawa Athumani. Kutwa nzima ni, "Athumani, mwambie mzee akaze nati ya kushoto," na Athumani ananigeukia, "Mzee, fundi anasema kaza nati ya kushoto," na mimi najibu, "Mwambie fundi nimesikia," na sote watatu tumesimama mahali ambapo mkeka mmoja ungetutosha! Athumani naye hakukosa kutia chumvi. "Fundi anasema kaza nati, na anasema leo umependeza." Vijana walikuwa wanakimbilia nje wakachekee huko.

Lakini nisiseme uongo, miezi ile ilikuwa mitamu. Natoka Butimba, tulikokuwa tunakaa, alfajiri kwa miguu, ziwa bado limelala chini ya ukungu, mawe makubwa yamekaa majini kama ng'ombe wanaocheua, na mbali kabisa wale wadudu wadogo wa ziwa wanapanda juu kama moshi wa nyumba usiyoiona. Nafika, injini inawashwa, tu-tu-tu-tu, na mimi tayari nimekwenda zangu. Najiona nahodha. Nakwenda Ukerewe, nakwenda Bukoba, nakwenda mpaka ng'ambo ambako sijui hata watu wake wanasema lugha gani, nao wamejipanga ufukweni wananisubiri, na maji ni meupe kama maziwa. Kisha nasikia, "Mzee, fundi anasema umeshika nyundo juu chini."

Ikafika siku ya jaribio langu. Kazi niliyopewa ni kufunga gia ya boti mpya kwa mikono yangu, niiendeshe hadi kwenye jiwe lililoko mbele, nilizunguke, nirudi. Tajiri alikuwa na sheria moja: kazi ya jaribio fundi haigusi, mdomo wake ruksa, mkono wake hapana. Na juzi yake Athumani akaitwa msibani Misungwi. Mimi hata sikuliwaza hilo.

Asubuhi ile gatini palijaa. Tajiri amevaa suti nyeupe, amesimama kwenye ncha ya gati la mbao na wageni wake wawili na kikombe cha chai, mama Kabula yuko nyuma yao na kitenge kipya, na Kabula pembeni yake na tumbo la miezi saba. Boti ilikuwa mbali kidogo majini, pua imeelekea ziwani, nyuma imewaelekea watu. Ndani tuko wawili tu, mimi na mkwe.

Daudi akakagua. Akatazama mkono wa gia. Akakohoa. Akatazama miguu yangu, akatazama tena ule mkono wa gia, akakohoa mara tatu mfululizo. Na mimi, badala ya kujiuliza, nikamwonea huruma! Nikasema moyoni, maskini, kifua kimembana kijana wa watu. Mfukoni nilikuwa na kipande cha tangawizi, nikakiweka juu ya sanduku la vyombo (mkononi siwezi kumpa), nikajitenga kidogo. Akakichukua akakitafuna chote, machozi yakamlengalenga, na bado anakohoa.

Kumbe chuma cha gia nilikuwa nimekifunga kichwa chini miguu juu, kwa hiyo mbele imekuwa nyuma na nyuma imekuwa mbele. Yeye alikiona mara moja. Mdomo wake nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe.

Nikafungua kamba, nikawasha injini. Tu-tu-tu-tu! Nikasukuma gia mbele, macho yangu yako ziwani, jua ndiyo kwanza linapasua ukungu, na mimi nikaanza safari yangu ya Bukoba. Nikaona lile jiwe langu linakuwa dogo. Nikasema, ama kweli ziwa letu ni pana. Nikaongeza mafuta. Jiwe likazidi kuwa dogo. Nyuma watu wakapiga kelele, nikajua wananishangilia, nikawapungia mkono bila hata kugeuka (jamani!), na Daudi anakohoa, anakohoa, anakohoa kama mtoto mwenye kifaduro, mpaka uzalendo ukamshinda.

"Masanja! Vuta gia, mjinga wewe!"

Nikavuta, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Boti ikagonga zile mbao kwa matako yake, tajiri, wageni na chai wakashuka wote ziwani. Hakuna aliyeumia, maji yaliwafika kifuani tu. Kofia ya tajiri ikaelea taratibu kuelekea kwenye jiwe, safari niliyotakiwa kwenda mimi.

Mnadhani watu walicheka? Bado. Ndipo bibi mmoja akapiga makofi akasema, "Mayo, mama yangu! Kamtaja mkwewe jina!" Hapo ndipo gati zima likaangua kicheko, na mama Kabula akajifunika kitenge chake kipya mpaka utosini.

Tajiri akapanda juu akichuruzika. Hakunitazama mimi. "Daudi! Miezi yote hii umemfundisha nini mtu huyu? Kusanya vyombo vyako, uondoke leo leo!"

Daudi alikuwa amepiga magoti ndani ya boti, ameziba mdomo kwa mikono, na si kwa kumwogopa tajiri, ni kwa ajili ya lile jina. Nikamwona Kabula ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Ndoto zangu zote ziliyeyuka, nikaona uchungu ambao sijawahi kuuona mbele ya boila lolote.

"Tajiri," nikasema, "fundi hana kosa. Mimi nilimkataza asiseme nami. Ni mkwe wangu. Nilitaka heshima."

"Yaani mlikuwa mnasomeshana kwa mjumbe?"

"Ndiyo. Na mjumbe yuko msibani."

Watu wakacheka upya, wengine mpaka wakakaa chini. Tajiri akakamua koti lake, akafikiri, akasema, "Wiki mbili. Ukishindwa tena, mnaondoka wote wawili."

Jioni ndugu zangu wakaja wamekunja nyuso, wanadai mbuzi, kwa sababu mkwe kumtaja baba mkwe na kumwita mjinga hakupiti hivihivi. Kabla hawajamaliza kusema, Daudi akatokea na mbuzi mwenyewe, akamfunga mlangoni, akarudi kinyumenyume. Ndugu zangu wakaridhika. Mimi sikulala vizuri.

Asubuhi nikamfungua yule mbuzi nikaenda naye kazini. Nimemvuta kutoka Butimba mpaka ziwani, anaruka, analia, watu wananiuliza, "Mzee, na huyu naye anasomea ufundi?" Nikaingia karakana, wenzangu wote wapo, na Athumani amesharudi. Nikamfunga mbuzi kwenye mguu wa meza ya Daudi. Kisha nikainamisha kichwa, mimi mtu mzima na mvi zangu, nikasema, "Shikamoo, fundi."

Spana ikamdondoka. Daudi akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi, akaufunua umejaa madoa meusi.

"Marahaba," akajibu kwa sauti ndogo. Akaokota spana, akanipa mkononi. "Fungua ile nati. Siyo hiyo, baba. Umekosea. Ile nyingine."

Jaribio la pili nilishinda, na mjukuu alipozaliwa walimwita kwa jina langu, kwa hiyo sasa Daudi analitaja kutwa bila kulipa mbuzi. Ila nimeapa, na kiapo changu nakishika mpaka leo: mtu yeyote akikohoa karibu yangu, hata kama ni kanisani, hata kama ni vumbi tu limempalia, naacha ninachofanya nageuka namuuliza, "Ndugu yangu, nimekosea wapi?"