Fundi Alhamisi na Mikono ya Gauni

Mtaani walimwita Fundi Alhamisi, na jina hilo hakupewa na mama yake. Ukimpelekea kitambaa, hata kama ni Jumatatu asubuhi na wewe ndiwe mteja wa kwanza, angekitandaza mezani, angekisifu, angekuzungushia futi kiunoni huku akikuuliza habari za watoto, kisha angekwambia kwa sauti ya mtu anayekula kiapo: "Njoo Alhamisi." Alhamisi ipi, hilo hukuambiwa. Wenye moyo mzuri walisema ni ile ya wiki ijayo. Waliokwisha kuonja joto yake walisema labda wajukuu wao wataiona.

Lakini msomaji asifanye haraka kumwita mvivu. Mvivu humkuti dukani kabla jua halijachomoza vizuri, wala humkuti ameinamia cherehani mpaka shingo inagoma kunyooka. Huyu alichapa kazi, ila kazi haikwisha. Tena alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wengi wanayo na wenyewe huiona ni akili: kitambaa kikiingia dukani, alikitia mkasi siku hiyo hiyo. Si kwamba alikuwa na nia ya kukishona. Alikikata ili mteja asihame. Kitambaa kizima mtu anaweza kukichukua kwa hasira akakipeleka kwa mwingine, lakini kikishakatwa atakipeleka wapi? Hakuna fundi anayependa kumalizia mikato ya mwenzake. Basi rafu zake zilijaa vifurushi vya nguo zilizokatwa, na kila kifurushi kilikuwa na mtu wake huko nje, anang'aka.

Alijaribu dawa zote za kuokoa muda alizozisikia. Alinunua saa kubwa ya ukutani, nayo ikawa kazi yake ni kumwonyesha jinsi alivyochelewa. Alianza kuamka alfajiri, akawa anasinzia mchana sindano ikitembea. Alipiga marufuku soga dukani, na kwa kuwa mpiga soga mkubwa alikuwa yeye mwenyewe, amri hiyo haikufika mbali. Aliamua hata kula chakula cha mchana palepale kwenye cherehani ili asipoteze muda, akaishia kumwaga mchuzi kwenye blauzi ya mwalimu mkuu. Blauzi ilifuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi, na siku nzima ikaenda na maji.

Shida yenyewe ilikuwa mahali pengine, na alikuwa hataki kupatazama. Ilikuwa kwenye mikono ya nguo.

Ushonaji alifundishwa na mjomba wake, mtu mahiri ambaye maisha yake yote alishona suruali. Sasa suruali, kama ujuavyo, haina mikono. Mjomba alifariki kabla hawajafika kwenye mashati na magauni, kijana akarithi cherehani, akafungua duka, na wateja wakaja na walichokuwa nacho. Angesema hajui? Aliona haya. Akawa anabahatisha. Mkono anautia leo, bega linakunjamana, anafumua. Anautia tena, kifua kinavutwa upande, anafumua. Akiutia mara ya tatu kitambaa kimeshachakaa pindoni na yeye ana hasira na dunia nzima. Mikono ya gauni moja iliweza kumlia siku mbili. Kwa kuwa aliiogopa, alipofika kwenye mikono aliiacha nguo ilivyo, akaanza nyingine. Ndiyo maana ukutani pale palining'inia msururu wa magauni yaliyokamilika kila kitu isipokuwa mikono, na mwenyewe akiulizwa alisema, "Imebaki kidogo tu." Kidogo hicho ndicho kilichokuwa kinamshinda.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekulia katikati ya vifurushi hivyo. Binti alijua kusema "Baba ametoka" kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake, na alilisema bila kupepesa macho huku baba amejibanza stoo kama mwizi wa kuku. Alipokua, mchezo huo ulianza kumchosha. Hakuwahi kumgombeza baba yake. Aliacha tu kumwuliza chochote kinachohusu lini.

Akachumbiwa. Nyumbani pakawa na shangwe, na jioni moja mkewe fundi akiwa anachambua mchele, binti yuko karibu naye, fundi akaingia akisugua mikono kwa furaha.

"Mwanangu, kile kitambaa cheupe umekiweka wapi? Kilete kesho nikikate."

Binti akautazama mchele. "Nimeshakipeleka, baba."

"Umekipeleka wapi?"

"Kwa Mama Pacha."

Mama Pacha alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, jirani na duka la dawa. Fundi alikaa chini taratibu. "Kwa Mama Pacha! Na mimi baba yako ni nani, kinyozi?"

"Nakupenda, baba," binti akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Lakini siku ya harusi lazima nitoke nimevaa."

Fundi akamgeukia mkewe, akitafuta wa kumtetea.

"Usiniangalie mimi," mkewe akasema. "Mimi mwenyewe nina kitambaa kwenye rafu yako. Hata rangi yake nimeisahau."

Fundi hakula vizuri jioni ile. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu. Mtu akikuonea unapata pa kupeleka hasira zako. Binti yake hakumwonea hata kidogo, alikuwa amepima tu kama mtu mzima mwenye akili zake, akaona baba hategemeki. Fundi alilijua neno hilo, akalimeza bila maji.

Siku ya harusi wageni wote walimtazama bibi harusi usoni. Baba yake alimtazama mabegani. Mikono ya lile gauni ilikuwa imelala bila mkunjo hata mmoja, na binti aliponyanyua mkono kupungia watu, kifua hakikuvutwa popote. Fundi alilia, na watu wakasema ona baba anavyompenda mwanawe. Walikuwa sahihi, ila hawakujua habari yote.

Harusi ilipopita, alivuka barabara. Alimkuta Mama Pacha peke yake. Kitu cha kwanza alichokiona ni meza: juu yake palikuwa na gauni moja tu. Vitambaa vya watu vilikuwa rafuni, vizima, vimekunjwa, mkasi haujavigusa.

"Dada, nimekuja kuazima sindano ya cherehani," akasema.

Mama Pacha akamtazama juu ya miwani. "Sindano za cherehani yangu haziingii kwenye yako, kaka, na wewe unajua. Sema kilichokuleta."

Fundi akageuka kutazama kama mlangoni kuna mtu. Maneno hayo alikuwa ameyakwepa tangu ujana wake. "Nifundishe kutia mikono."

Mama Pacha alisubiri sehemu ya kuchekesha ifike. Haikufika. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Haya, vuta kigoda."

Akamletea vipande vya kitambaa, akakata mkono, akauweka juu ya tundu la begani ambamo hushonewa. Mkono ulikuwa mpana kuliko tundu. Fundi papo hapo akanyoosha kidole. "Hapo! Hapo ndipo ninapoharibikiwa. Kila nikikata, mkono unazidi. Inabidi niupunguze."

Mama Pacha akaziweka pini chini. "Ulikuwa unaupunguza?"

"Nilidhani nimekosea kukata."

"Kaka yangu! Unatakiwa uzidi. Bega la mtu ni mviringo, hiyo nafasi ndiyo inayolivisha. Wewe ulikuwa unaikata unaitupa, halafu unashangaa kwa nini nguo inambana mtu."

Kisha akamwonyesha. Alipiga bandi, mishono mirefu ya kushikilia tu, mistari miwili juu ya mkono. Akavuta uzi polepole mpaka ule upana uliozidi ukajikusanya wenyewe ukaenea sawa na tundu. Akaanzia kwenye bega na pini moja, akashuka mbele, akashuka nyuma, akapitisha cherehani mara moja.

"Basi?" fundi akauliza.

"Basi."

Aliugeuzageuza mkono ule. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Jambo dogo namna hiyo ndilo lililomfanya ajibanze stoo, ndilo lililomfundisha mtoto wake uongo. Mama Pacha, ambaye si mtu wa kubembeleza, alimsukumia vipande vingine. "Utasikitika baadaye. Shona."

Kwa muda fulani kila alasiri alivuka barabara, akatia mikono kwenye vipande, akafumua, akatia tena. Mwanzoni vilitoka vibaya, na Mama Pacha alimwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Mwisho vikakubali. Siku alipotia mkono dukani kwake kwa mara moja ukakaa, alifunga duka katikati ya mchana akakimbia nyumbani kumwonyesha mkewe, na huo ndio muda pekee alioupoteza kwa raha.

Lilibaki suala la mkasi. "Hii tabia yako ya kukata kila kinachoingia, uiache," Mama Pacha alimwambia.

"Nisipokata watahama, dada."

"Akihama si atapata nguo? Kwani wewe unataka wapate nguo, au unataka wakae kwenye rafu yako?"

Alirudi dukani kwake na swali hilo. Basi akaanza na vifurushi vya zamani, kimoja kimoja, hagusi kingine mpaka hiki kimekwisha. Watu waliitwa kuja kuchukua nguo walizokwisha kuzizika. Lilitoka shati la mtoto ambaye sasa ananyoa ndevu. Mkewe alipata gauni lake, likamkataa kiunoni, wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Wateja wapya aliwaambia ukweli, na hapo ndipo alipojionea maajabu ya binadamu. Mwuza dawa wa ng'ambo ya barabara alileta kitambaa. Fundi akamwambia akae nacho kwanza mpaka zamu yake ifike, baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili!" mwuza dawa akapandisha. "Fundi, wewe sema tu Alhamisi, ndivyo nilivyokuzoea!" Akaondoka amenuna. Wengine pia waliondoka. Ilikuwa wazi kwamba uongo walikuwa wameuzoea, ukweli ndio uliowatukana.

Lakini alishikilia, kwa sababu alikuwa amegundua jambo juu yake mwenyewe. Zamani hakuwa anadanganya kwa makusudi. Alikuwa hajui. Mtu asiyejua kama mikono ya gauni itamchukua asubuhi moja au siku tatu, atamwahidi mtu nini? Anataja siku yoyote iliyo karibu na mdomo. Sasa alijua kazi yake inachukua muda gani, maana aliijua kazi yenyewe. Aliposema Jumamosi, ilikuwa Jumamosi. Taratibu waliohama wakaanza kurudi, mwuza dawa akiwa amejificha katikati yao.

Binti yake alikuwa anakaa na mumewe upande wa pili wa mji. Siku moja alikuja na kitambaa cha buluu cha gauni la kazini. Alikuwa amepata kazi katika ofisi ya bima, anaanza Jumatatu ya wiki iliyofuata. Alikiweka mezani kwa namna ya mtu anayeweka kitu karibu na moto.

"Ukiwa na nafasi, baba," akasema. "Isipowezekana, si neno."

Fundi akakishika. Zamani angekuwa ameshatoa mkasi. "Nina nguo za watu niliowaahidi Jumamosi," akasema. "Siwezi kuwaruka, hata kwa ajili yako. Yako nitaishona Jumapili. Jumatatu asubuhi pitia hapa ukienda kazini, nitakuwa nimefungua."

"Jumatatu yenyewe? Siku ninayoanza?"

"Jumatatu yenyewe."

Binti alimtazama usoni. Akambusu shavuni, akaenda zake. Mkewe fundi aliposikia alishika kichwa, akasema mtoto amekubali kwa kuona haya tu, na ana akili, lazima atakuwa na mpango wake pembeni. Fundi alidhani hivyo hivyo. Asingemlaumu.

Jumapili alilishona gauni. Alipiga bandi, akavuta uzi, akatia mikono, yote miwili kwa mara moja, akalipiga gauni pasi na kulitundika.

Jumatatu alifungua barabara ikiwa bado na ubaridi. Binti alifika mapema. Alikuwa amevaa gauni la kushindia nyumbani, lililopauka, limetoboka karibu na mfuko, na miguuni ana ndala. Begani alikuwa na mkoba wa ofisini, na mkononi mfuko wa nailoni wenye viatu vya kisigino. Fundi aliutazama mfuko ule, akautazama na mkoba, mwembamba, hauwezi kubeba nguo.

"Nguo zako nyingine umeziacha wapi?" akauliza.

"Nguo gani?"

"Za kuvaa kazini. Kama hii isingekuwa tayari."

Binti akashangaa kwa kweli. "Si ulisema Jumatatu, baba?"

Akalichukua gauni, akaingia chumba cha nyuma kubadilisha, huku akilalamika kwamba foleni itakuwa mbaya. Fundi alibaki amesimama katikati ya duka. Mtoto wake alikuwa amevuka mji mzima na ndala, siku ya kwanza ya kazi, hana kingine cha kuvaa ila neno la baba yake. Alifurahi, akavuta kigoda, akakaa.

Binti alitoka, akampa mgongo, akamwomba aangalie kama zipu imefika juu. Ilikuwa imebaki kidogo, naye akaimalizia.